Betri, Stiliwaya na Mguu wa Masalu

Tereza tulimzika Buswelu, na siku zote tatu za msiba mimi ndiye niliyeshika kisu cha vitunguu, kwa sababu kwenye vitunguu mtu akitokwa machozi haulizwi sababu. Wanawake wa jumuiya walikaa chini ya turubai wakimenya ndizi na kumsifu marehemu kwa namna ile ya msibani, kwamba alikuwa na mdomo, ndiyo, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Binti mmoja mwenye wigi akaniuliza, "Bibi, wewe na marehemu mlijuana wapi?" Nikamwambia ziwani. "Kumbe mlikuwa wavuvi!" Nikamwambia hapana, tulikuwa wauza betri. Wakacheka wote, na mimi nikacheka, nikaendelea kukata. Jioni niliporudi nyumbani Buzuruga nikamwambia mjukuu wangu anipe daftari lake moja ambalo halijaisha. Mimi niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama mbuzi kwenye mawe ya Mwanza, lakini hili jambo sitaki kumpa mtu mwingine aniandikie. Habari za nani alinizaa na nani alinilea sitaziweka, hazihusiki. Naandika mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na kitu, miaka ya ruksa, wakati vitu vilianza kumiminika madukani mpaka mtu unashangaa vilikuwa vimefichwa wapi. Nyinyi wa leo hamuwezi kuelewa. Sisi tulikuwa tumesugua sufuria kwa mchanga na majivu miaka yote ile ya foleni, halafu ghafla zikaja stiliwaya, zile nyembamba laini kama nywele za kikongwe, zinazoshika kutu ukiziacha na maji. Mwanamke akiwa na stiliwaya yake kwenye beseni la vyombo alijiona wa mjini kabisa. Zikaja betri za tochi za bei rahisi kutoka nje, hata hazikufungwa kwenye karatasi, zinamwagwa tu kwenye boksi kama viazi. Na upande wa ziwani kulikuwa na sangara. Viwanda vya minofu vilifunguliwa kimoja baada ya kingine, kila kiwanda na maboti yake ya kukusanya samaki, yamejaa barafu, yanazunguka visiwani yakigombania mzigo. Visiwa ambavyo zamani vilikuwa na mnandi, wale ndege weusi wala samaki, na kenge tu vikajaa mabanda. Palipo na wavuvi mia mbili panahitajika sabuni, ndala, kiberiti, betri za redio. Ndiyo nikaenda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mume, na sikuogopa kitu.

Banda langu lilikuwa la matete, limegusana ubavu na la Tereza na mume wake Masalu. Tereza alinizidi kama miaka kumi, mzaliwa wa Ukerewe, mfupi, mweusi wa kung'aa, anavaa miwani ya mzee fulani aliyekufa kwa sababu macho yake ya karibu yalikuwa mabovu. Masalu alikuwa Msukuma wa huku kwetu, mrefu, mpole, fundi wa mashine za boti, mvuta sigara. Yeye nilimwita shemeji, na Tereza nilimwita dada, ingawa tuliuza vitu vilevile na kila asubuhi tulitukanana kupitia ukutani. "Minza," atasema, "leo umepaka nini huko kwenye sabuni zako mpaka wateja wote wanapita kwangu wamefumba macho?" Namjibu, "Dada, wamefumba kwa sababu ya moshi wa ugali wako unaoungua." Mchana tunakula pamoja, ugali wa muhogo na kichwa cha sato, kila mtu anaingiza mkono, na Tereza ananiwekea jicho la samaki upande wangu kwa kuwa anajua nalipenda. Tulikuwa hivyo. Na tulipokezana safari: mwezi huu naenda mimi Mwanza kununua mzigo wa wote wawili, mwezi ujao anakwenda yeye.

Mwezi nilioenda mimi ndio ulioharibu kila kitu. Nilinunua kwenye duka moja la jumla pale Nyamagana, na mzigo wa Tereza nikaujaza kwenye salfeti moja. Mwenye duka, mzee mwenye kofia, akaniangalia ninavyofunga akasema, "Binti, betri na stiliwaya usiweke mfuko mmoja. Zikigusana zinawaka." Nikamwambia sawa, babu. Alipogeuka kumhudumia mwingine nikazisukumiza humohumo, maana salfeti ya pili ilikuwa imejaa vya kwangu na sikutaka kubeba mzigo wa tatu. Kwenye boti, katikati ya maji, niliegemea ile salfeti nikahisi mgongo unapata moto. Nikatia mkono nikakuta stiliwaya moja imekuwa nyeusi, imesinyaa, inavunjikavunjika kama mkaa, na betri mbili ni za moto kama viazi vya kuchemsha. Nikaitupa ile nyeusi majini, nikatikisa salfeti, nikaifunga tena. Naandika hivi hivi kama ilivyokuwa. Nilijua, na niliona, na nilitikisa tu. Tulipofika mwaloni, pale maboti yanapotia nanga, nikaiingiza ndani ya banda la Tereza, nikaiegemeza kwenye godoro lao, nikaenda zangu kuoga.

Matete makavu hayachukui muda. Nilisikia watu wanapiga kelele nikiwa bado na povu masikioni. Tulipofika na ndoo paa lilikuwa limeshadondoka. Iliungua bidhaa yote, godoro, cherehani ya Tereza, na nguo za shule alizokuwa amemshonea mtoto wao Bahati aliyekuwa anasoma huku Buswelu kwa bibi yake. Banda langu lilipona kwa sababu upepo ulivuma kwenda ziwani. Masalu alikuwa na kaka zake wawili pale kisiwani, wavuvi wakubwa wa mikono, na mbele ya watu wote yule mkubwa akasema kama kuna mtu amechoma banda la ndugu yake, wakimjua watamfunga jiwe shingoni wamshushe palipo kina. Hayakuwa maneno ya hasira tu. Huko visiwani polisi walikuwa mbali, na tulishaona yaliyompata mwizi wa nyavu. Nikafunga mdomo. Kisha Tereza akasimama juu ya majivu, akamgeukia mumewe, akasema, "Ni sigara yako. Uliingia ukajilaza na sigara yako." Na Masalu, kwa kuwa kweli aliingia, na kweli alikuwa anavuta, akainamisha kichwa.

Walihamia kwangu. Pengine nilitaka adhabu, sijui, lakini niliwaambia waje, tukakata banda langu katikati kwa khanga, wao upande ule, mimi upande huu. Mwezi mzima kila alfajiri nilisikia. "Ungekuwa mlevi ningeelewa," Tereza anasema. "Wewe umenichomea mtoto wangu nguo za shule ukiwa mzima." Masalu anajibu taratibu, "Mama Bahati, sikumbuki niliizimia wapi." "Hukumbuki! Moto unakumbuka!" Halafu sauti ya Masalu tena, "Nimeacha. Sivuti tena." Na kweli aliacha, kwa siku moja tu, na mimi nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka kwao nikiitazama khanga, nikisoma maandishi yake kinyumenyume.

Mwezi uliofuata tukaenda Mwanza wote watatu kuanza upya, Masalu akiendesha boti aliyoazimwa na kaka zake. Tulirudi na mzigo asubuhi kutoka mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Safari hii vya kwangu nilivifunga kama mtu anayefunga dawa: betri ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, na stiliwaya humo humo juu lakini zimezungushiwa nailoni mara tatu na kufungwa kamba. Tereza alicheka, "Leo Minza anafunga mzigo kama bi harusi." Nikajifanya sikusikia. Masika yalikuwa yameshika. Tulipovuka nusu ya njia mawingu yakashuka mpaka kwenye maji, upepo ukageuka, na mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Mashine ikalia, ikakohoa, ikanyamaza. Masalu akainama kuifungua, mikono inateleza, na sisi tunachota maji kwa sufuria, na mbele yetu kuna jiwe, kisiwa cha jiwe tupu ambacho wavuvi hutumia tu kama alama ya njia. Tulisogezwa pale kama jani. Masalu akaruka kabla hatujagonga, ili aisukume boti isipasuke, na wimbi likainua boti likaiweka juu ya mguu wake.

Sauti ya mfupa sitaiandika. Tulimvuta juu ya jiwe, mimi kwapa moja, Tereza kwapa lingine, na nyuma yetu boti inavunjika mbao kwa mbao na mashine inazama. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umekatika na kutoboa ngozi. Tereza alivua khanga yake akaufunga kwa nguvu juu ya jeraha mpaka damu ikapungua kuchuruzika. Mvua inanyesha. Upepo wa ziwa na nguo mbichi na damu iliyopotea, vitu hivyo vitatu vikikutana mtu anaganda hata kama hapa kwetu hakuna theluji. Ilikuwa kama saa nane mchana. Masalu akaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana, na midomo ikawa ya kijivu. Tereza akamlalia kifuani kumpa joto, akaniambia, "Minza, moto. Tafuta moto, la sivyo huyu anakufa."

Jiwe lile lilikuwa na ukubwa wa uwanja wa kanisa. Upande mmoja kulikuwa na matete, mti mmoja uliodumaa, na mwamba ulioinama kama paa, chini yake viota vya mnandi. Maji yalituletea vitu vyetu kidogokidogo: kasia moja, sufuria, panga, gunia tupu, ndala zinaelea mbili mbili kama bata. Na ndoo yangu. Ndoo ilikuja yenyewe, mfuniko juu, ikagonga jiwe taratibu. Niliichukua, nikaifuta, nikaiweka chini ya mwamba, nikaikalia.

Viberiti vilikuwa kwenye katoni ya Tereza, vimekuwa uji. Tukachagua njiti zenye vichwa, Tereza akazisugua moja moja kwenye nywele zangu ili zikauke, maana nywele zilizofunikwa kilemba huwa na joto, na hilo ni kweli, hukausha, lakini si njiti iliyokwishayeyuka. Kila aliyoikwangua iliacha doa jekundu kwenye boksi. Akavua miwani yake akaielekeza juu kutafuta jua, kama tulivyokuwa tukichezea vioo utotoni kuunguza majani, na jua halikuwepo hata kidogo. Akachukua panga akaligonga kwenye jiwe, akagonga, akagonga, akaniambia na mimi nigonge. Cheche zilitoka moja moja, nyekundu, zinakufa kabla hazijatua. Mikono yangu ikatoka malengelenge. "Gonga!" ananiambia. "Mbona unagonga kama unabembeleza?" Na mimi nagonga, na moto upo kwenye ndoo, na mimi najua upo.

Hapa ndipo pa kuandika ukweli, na ndipo ninapotaka kuruka. Tangu ndoo ile ilipogusa jiwe nilijua jinsi ya kuwasha moto. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua. Lakini nikiunganisha betri na stiliwaya mbele ya Tereza, mwanamke mwenye akili kama yule, atauliza nilijifunzia wapi. Na jibu lake ni banda lake. Nikajiambia labda mvua itakata. Nikajiambia labda boti itapita. Nikajiambia watu wamevunjika miguu na wakapona bila moto. Nilijiambia mengi, mkono unagonga panga, kwa muda ambao mtu angeweza kupika maharage yakaiva.

Halafu tukamwona mamba. Alikuwa amejilaza kwenye jiwe la chini, pale maji ya mvua yalipokuwa yanateremsha damu ya Masalu kwa mstari mwembamba wa waridi mpaka ziwani. Hakuwa na haraka. Tereza akamtupia jiwe, akazama, akatokea karibu zaidi. "Mungu wangu," Tereza akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Na ndipo Masalu akafumbua macho. Hakumwona mamba, sidhani kama alituona sisi. Akasema, "Mama Bahati, nisamehe ile sigara. Usimwambie mtoto kwamba ni mimi."

Nikainuka kutoka kwenye ndoo. Nikauvuta mfuniko kwa meno maana vidole havikushika, ukafunguka. Nikamwambia Tereza, "Dada, njoo unishikie hapa." Kwanza nilitambaa ndani zaidi chini ya mwamba nikaingiza mkono katikati ya viota, kule ndani ambako mvua haifiki, nikatoa vijiti vikavu na manyoya na majani laini yaliyosagika kama tumbaku. Nikakata ukanda wa ndala moja kwa panga, mwembamba, kwa sababu mpira ukishika moto hauachi hata ukiwa na maji. Kisha nikafumua stiliwaya, nikaivuta ikawa ndefu na yenye hewa, nikagusisha betri moja. Ikawa nyekundu kwenye nywele mbili tatu, ikazima. Betri za bei rahisi. Nikamwambia Tereza ashike mbili, kichwa cha moja kwenye kitako cha nyingine, abane kwa nguvu zote. Nikaweka ncha moja ya waya chini, ncha nyingine juu.

Ikalia kama mafuta kwenye karai. Cheche zikaanza kutembea ndani ya ule waya kama wadudu wekundu wanaokimbizana, na ikatoka harufu yake, ya chuma kinachoungua, kali, inayokaa puani. Nikaiweka kwenye kiota, nikapuliza. Tereza alikuwa bado ameshika betri. "Harufu hii naijua," akasema. Mimi napuliza. "Nilipofukua majivu nilikuta waya mweusi umejikunja kwenye betri. Nikadhani umefikishwa hapo na moto." Napuliza. Ulimi wa moto ukatoka, mdogo, ukalamba ukanda wa ndala, ukashika, moshi mweusi ukapanda. "Kumbe," Tereza akasema. Nilimtazama. Kwenye miwani yake nilimwona mtu mmoja mdogo ameinama juu ya moto. Nilidhani atanipiga kwa panga, lilikuwa pale karibu na mkono wake. Akaweka betri chini, akasema, "Leta kuni. Vunja mbao za boti."

Basi tukafanya kazi. Mbao za boti zilikuwa na lami, ziliwaka hata mbichi. Tukamsogeza Masalu chini ya mwamba, moto mbele yake, jiwe nyuma yake likapata joto. Tukachemsha maji ya ziwa kwenye sufuria, yakapoa kidogo, Tereza akaosha jeraha. Tukanyoosha mguu kati ya vipande viwili vya ubao tukaufunga kwa gauni langu la ndani, na Masalu akapiga kelele, jambo lililotufurahisha kwa sababu mtu anayepiga kelele bado yupo. Tulimnywesha maji ya moto kwa kifuniko cha ndoo. Nilitupa kaa moja la moto kwenye maji na yule mamba akaondoka. Giza lilipoingia Tereza aliniuliza maswali mawili tu. "Ulijua tangu lini?" Nikasema tangu siku ile. "Na leo? Tangu tulipofika hapa jiweni?" Nikasema ndiyo. Akaweka ubao motoni. "Kaa upande ule," akasema. "Usimguse mume wangu."

Kulipokucha mvua ilikuwa imekata, na moshi wetu ulipanda mnyoofu mpaka unaweza kuuona Mwanza, nilidhani. Boti ya kwanza ya wakusanyaji ikapita mbali. Tukapunga mikono, tukapiga mayowe. Na wao wakatupungia! Kijana mmoja alivua kofia kabisa. Wakaenda zao. Ya pili vilevile. Nikaongeza majani mabichi, moshi ukawa mzito mweupe, na wa tatu akatupigia mluzi wa salamu. Tereza ndiye aliyeelewa. Akakaa chini akajishika kichwa. "Wanadhani tunabanika samaki," akasema. Na kweli. Kwenye ziwa lile, miaka ile, moshi kisiwani ulikuwa na maana moja tu, wanawake wako kwenye kazi yao, na samaki wa kubanika si samaki wa kiwandani, kwa hiyo nani asimame? Tumewasha moto kwa dhambi zetu zote, na moto wenyewe ndio unawaambia watu kwamba hatuna shida.

Masalu wakati huo alikuwa wa moto kama jiwe la kupikia, anaongea na marehemu baba yake. Mguu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. Tereza akauangalia, akaangalia ziwa, akaninyooshea mkono bila kuniangalia. "Lete gunia. Lete kasia." Mvuvi mwenye sangara wa kuuza, ili maboti ya viwanda yamwone, alisimamisha kasia na kufunga gunia juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa bendera ya mzigo. Tukazima moto kwa maji, tukapanda juu kabisa ya jiwe, tukasimamisha gunia. Nakuambia haikupita muda mrefu. Boti mbili, za viwanda viwili tofauti, zilizokuwa zinaelekea huko na huko, zikageuza vichwa kwa mara moja na kuanza kushindana kuja kwetu, mashine zinalia, kila nahodha amesimama anamtukana mwenzake. "Mzigo wangu! Nimeuona mimi!" "Umeuona na macho ya nani, we kipofu?" Wakafika karibu pamoja.

Wa kwanza, bwana mnene mwenye shati la maua, akaruka jiweni na mizani mkononi. "Samaki wako wapi, mama?" Tereza akamshika mkono akampeleka chini ya mwamba. "Samaki ni huyu hapa. Mpime." Yule bwana akamtazama Masalu, akatazama mguu, akarudi nyuma. "Mmenidanganya. Barafu yangu inayeyuka, mnaniinulia gunia la uongo? Mnajua wenzangu wanatangulia wapi saa hii?" Tereza hakupiga kelele. Akasema, "Nimekudanganya, baba. Nitakudanganya tena ukitaka. Mchukue." Yule bwana akashuka kwenye boti yake akaondoka, na sitamsahau hata nikisahau jina langu. Yule wa pili, aliyeshindwa kwenye mashindano, mwembamba, mwenye kikohozi, alikuwa amesimama na kamba mkononi anacheka, "Ameukimbia mzigo! Ameukimbia!" Halafu akaacha kucheka. Akawaambia vijana wake, "Ondoeni barafu pale katikati, tandikeni turubai." Tukamlaza Masalu ndani ya boti ya samaki, tukageuza kurudi Mwanza, na njia nzima Tereza alishika kichwa chake, na mimi nilikaa mbele kabisa, mgongo kwao, kama nilivyoambiwa.

Hospitalini walimfungua mguu mara mbili. Siku mbili hatukujua kama atapona. Tulilala nje barazani na ndugu wa wagonjwa wengine, tukila uji wa watu. Kaka zake wawili wakafika kutoka kisiwani. Siku ya tatu tuliruhusiwa kuingia wote wanne wodini, na Masalu alikuwa ameegemea mto, macho makubwa, mguu ukiwepo bado, mfupi kuliko mwenzake lakini upo. Mimi nilishika beseni la kumnawisha. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Ule moto mliuwasha na nini? Viberiti si vililowa?"

Nilikuwa nimeshaamua. Nilifungua mdomo, kaka zake wamesimama kulia na kushoto kwangu, na Tereza, bila kugeuka, akasema, "Mawe." Masalu akauliza, "Mawe?" "Tuligonga panga kwenye mawe. Muone Minza mikono yake ilivyotoka malengelenge." Wakaitazama mikono yangu. Yule kaka mkubwa akatikisa kichwa akasema, "Huyu mwanamke!" akanipa mkono. Masalu akamshika Tereza vidole, akamwambia taratibu kabisa, "Na ile sigara, mama Bahati?" Tereza akamfunika shuka vizuri. Kisha akasema, "Nimeisamehe." Masalu akalia, mtu mzima, mbele ya wodi nzima. Nikatoka nje kwenda kumwaga maji, na beseni lilikuwa halina kitu.

Tereza alinikuta kwenye ngazi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wale shemeji zako wangekuzamisha, na mimi wiki hii nimechoka kuangalia watu wanakufa." Nikaanza kumshukuru. Akanikatiza, "Acha. Sijafanya kwa ajili yako. Nimemwacha mume wangu abebe mzigo wako, na hiyo tutaibeba wote wawili, wewe na mimi. Nikitangulia mimi kaburini, mwambie wewe. Ukitangulia wewe, nitamwambia mimi." Tuliishi jirani tena, na tukatukanana tena kupitia ukutani, na jicho la samaki nikawekewa tena, si mwaka ule, ni baadaye. Lakini hilo neno hatukulirudia hata siku moja.

Sasa ametangulia yeye. Shemeji Masalu, pale msibani ulikaa kwenye kiti chako cha plastiki na fimbo magotini, ukanipokea mkono ukaniita mama wa moto mbele ya wageni, kama unavyoniita siku zote, nami nikashindwa kusema. Najua macho yako hayasomi tena, kwa hiyo hii itasomwa na Bahati. Bahati mwanangu, soma polepole, usiruke. Hatukugonga mawe. Banda lenu lilichomwa na betri na stiliwaya nilizofunga mimi, nikiwa nimeonywa, nikiwa nimeona. Sigara ya baba yako haikuchoma kitu. Shemeji, ulisamehewa kosa ambalo hukulifanya, ukashukuru miaka yote hii, na mimi nilikuwepo nikisikia. Ukitaka kuja kunitukana, njoo Buzuruga, asubuhi au jioni. Sitakwenda popote.